Mwanangu Alileta Ndoo

Siku ya nne baada ya kufika Mombasa, bibi wa chini alimwita mwanangu. Alikuwa ameketi juu ya mbuzi mlangoni kwake anakuna nazi, na sisi tunashuka ngazi taratibu, maana mtu wa mwaka mmoja na miezi mitano akishuka ngazi hana haraka na hataki kubebwa.

"Ndoo, mwanangu," bibi akasema, kifuu bado kiko mkononi. "Ndoo!"

Mwanangu akasimama. Akamtazama bibi, akanitazama mimi, kisha akageuka akaanza kupanda tena, magoti na viganja, kidato kwa kidato. Nikamfuata nyuma bila kumzuia. Nilijua anakokwenda na nilikubaliana naye kabisa. Baada ya dakika kadhaa tulikuwa tunashuka upya, ko, ko, ko, anaburura ndoo yake nyekundu ya kuogea. Alipofika chini akaisukuma mpaka miguuni kwa bibi, akajipigia makofi.

Wajukuu wa bibi walicheka hadi mmoja akakaa chini. Mimi nilijaa fahari. Kaagizwa ndoo, kaleta ndoo. Mtoto gani wa umri ule ana utii kama huo? Nikamuuliza bibi kama bomba zimekauka tena, nimwongezee na ndoo kubwa.

Bibi akafuta machozi kwa ncha ya leso. "Nimemwita yeye, mama. Ndoo! Ndoo hapa kwangu!" Akawa anapunga mkono, na ule mkono ndio ulionitafsiria. Njoo.

Nina rafiki aliyehamia Ujerumani na mtoto wa umri huo huo. Alikuwa akinipigia simu usiku analia kwamba anakaa bustanini na wamama wengine saa mbili nzima bila kusema neno, anatabasamu tu mpaka mashavu yanamuuma. Mimi nilipojua tunahamia Kenya nilimwambia wazi kuwa nina bahati. Mombasa! Kiswahili kitupu, bahari ile ile, nazi ile ile, joto lile lile. Nilihesabu kwamba nahama mtaa.

Mume wangu alitangulia miezi miwili kwa sababu ya kazi yake bandarini, Kilindini. Sisi wawili tulimfuata kwa basi kutoka Dar es Salaam mwezi Januari, siku nzima ya Chalinze, Tanga, Horohoro, na kaskazi yote ikiingia dirishani kama pumzi ya tanuri. Mtoto alikuwa na pasipoti yake mwenyewe, picha amenuna, na cheti cha homa ya manjano kilichoandikwa kwa mkono. Siku hizi mpakani Horohoro na Lungalunga unashuka mara moja tu, upande wa nchi unayoingia, na maofisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja. Ofisa aliniuliza baba wa mtoto yuko wapi. Nikatoa barua ya baba. Akaisoma mpaka mwisho, akairudia, na wakati wote huo mwanangu anamnyooshea biskuti aliyokwisha kuitafuna nusu. Mwishowe akaipokea. Sijui aliifanyia nini.

Mimi ni mtu wa Kigamboni. Nimekua navuka kwa pantoni, shule kwa pantoni, sokoni kwa pantoni, hata uchungu wa mtoto huyu ulinianzia nikiwa katikati ya maji. Basi lilipotushusha Likoni jioni ile ili tuvuke kwa miguu, nikajiona nimefika kwetu. Nikashika sarafu ya shilingi 200 mkononi, mazoea tu, nikaanza kutafuta dirisha la tiketi. Nilizunguka mpaka kijana mmoja mwenye mkokoteni akanihurumia. "Mama, wa miguu halipi hapa. Tembea na watu." Nikatembea na watu. Ile sarafu ninayo mpaka leo, iko kwenye kikombe cha miswaki.

Ugeni wa Ujerumani unajitambulisha mapema. Unajua hujui, unanyamaza, unajifunza. Ugeni wa Mombasa unakuja umevaa nguo zako. Maneno ni yale yale uliyonyonya nayo, ila yamehamishiwa vitu vingine, na wewe unaendelea kuyatumia kwa kujiamini.

Kliniki, kwa mfano. Tulikwenda kwa ajili ya chanjo ya surua na rubela ya miezi 18. Kadi yetu ya Tanzania ilinipa wasiwasi njia nzima, nikadhani watatuanzisha upya, kumbe ratiba hiyo inafanana: ya kwanza miezi 9, ya pili miezi 18. Muuguzi alinakili tu kwenye kitabu chao. Shida yangu ilianzia kwenye benchi. Jua lilihama, likatupiga usoni, na mama aliyekaa pembeni akaniambia, "Una leso? Mfunike kijana." Nikashangaa mara mbili kwa sentensi moja. Kijana ni nani? Nikaangalia nyuma yangu. Halafu nikaingiza mkono kwenye pochi nikampa leso, safi, nimeipiga pasi mwenyewe, ya kufutia kamasi. Akaishika kwa vidole viwili. Akamtazama mtoto, akaitazama ile leso yenye ukubwa wa chapati. Kisha akafungua pochi yake, akatoa kanga nzima, akamtandia mwanangu kichwani. Kwa hapa leso ni kanga, na kijana ni huyo huyo mwenye pampasi.

Sitawachosha na mengine. Umeme haukatiki, stima zinapotea. Kandambili ni champali. Dumu ni mtungi. Jirani mmoja aliniambia mwanawe wa miaka minne yuko chuoni, nikampongeza kwa sauti kubwa kidogo kabla sijaelewa kwamba ni chuo cha Kurani. Na nyanya, jamani, nyanya kwa wajukuu wa bibi wa chini ni bibi yao. Mwanangu alipata tabu na hilo. Kwa wiki kadhaa kila nilipokata nyanya jikoni alikuwa anakimbilia mlangoni kuangalia kama bibi ameingia.

Hesabu ya pesa ndiyo iliyonikosesha usingizi mwanzoni. Shilingi moja ya hapa ni mara 17, mara 20 za kwetu, inategemea mwezi, na mimi nilikuwa nanunua mafungu ya mchicha huku nikizidisha kichwani, natoka jasho. Mume wangu akaniambia niache, nikizidisha sitakula. Niliacha. Nikawa sijui tena kama kitu ni ghali au rahisi, nanunua tu.

Kilichonishikilia miezi ile ya kwanza ni maji. Kisiwa hiki kinaletewa maji kutoka mbali, Mzima kule Tsavo, Baricho kule Mto Sabaki, na yakikwama njiani bomba zetu zinakoroma kama mzee aliyelala chali. Maji ya kisima yapo, ila yana chumvi. Ukipikia chai maziwa yanakatika. Kwa hiyo tunanunua ya mkokoteni, mitungi ya lita 20, na muuzaji anaipandisha mabegani hadi kwetu ghorofa ya kwanza. Matamu ya kupikia na kunywa, ya chumvi ya kufulia na chooni. Kuoga tunachanganya kulingana na hali ya mfuko. Ndiyo maana ndoo ni kitu cha heshima katika nyumba yetu, na ndiyo maana mwanangu hakuwa na shaka yoyote siku ile. Alikuwa ameishi siku nne tu katika mji huu na tayari alishajua mtu akipaza sauti hivyo anahitaji nini.

Muuza maji ndiye rafiki yake wa kwanza. Wajukuu wa bibi walikuwa wamemfundisha kusalimia watu wazima kwa kubusu mkono, jambo ambalo kwetu nyumbani hatukuwa nalo. Sisi ni shikamoo ya mdomo na imekwisha. Akalishika kama dini. Kila muuza maji alipotua mtungi, mwanangu alikamata ule mkono uliolowa, wenye sugu kama gome la mbuyu, akaubusu kwa sauti. Kijana wa watu alikuwa hajui aweke uso wapi. Siku moja alikuja na mabuyu ya karatasi, yale mekundu ya sukari, na kwa siku mbili ulimi, mto wa kulalia na ukuta wa sebuleni vilikuwa rangi moja.

Bibi wa chini alimchukua mtoto bila kuniomba. Nilitaka kuchukia, nikakosa nguvu. Mume wangu anafanya kazi kwa zamu na meli hazijui Jumapili. Mama yangu yuko Kigamboni. Dada zangu wako kwenye simu. Asubuhi bibi alipiga sufuria kwa mwiko, tukashuka, tukakuta mahamri na mbaazi za nazi. Hamri kwa mtu wa Dar ni andazi lililosoma: tui, iliki, tumbo tupu la kutumbukizia mbaazi. Mwanangu, ambaye kwetu alikuwa anakimbizwa na uji wa lishe chumba kizima, hapa alikaa chini kama mtu mzima, miguu kaikunja, anachovya.

Na huku anachovya anasikiliza. Hilo ndilo sikulifikiria wakati nasema nina bahati. Tulihama katika miezi ile ile ambayo mtoto anaokota maneno, na maneno yaliyokuwa yamemwagika sakafuni hayakuwa yangu. Neno lake la kwanza la kuomba maji lilikuwa "mai". Macho yakawa "mato". Mchanga, "mtanga", tena na ile t ya kugusa meno ambayo mimi mpaka leo siiwezi. Nikijaribu bibi ananiambia nimeitupa nyuma sana. Kucheza ni "kuteza". Nilikaa nikagundua kuna mpango ndani yake: kila nilipoweka nj, wao wana nd. Njaa ni ndaa, njia ni ndia, nje ni nde. Ndoo, basi.

Nilikuwa nasahihisha. Naandika hili kwa aibu kidogo. Alisimama mlangoni asubuhi, paji la uso limegusa mbao.

"Mama, nde."

"Nje."

"Nde."

"Sema nje. Nnn-je."

Akaanza kulia, machozi ya kweli, anapiga mlango kwa viganja. "Nde! Nde!" Nikafungua mlango. Bibi yuko chini anasikia yote. Jioni aliniuliza kwa upole, "Kwani mwana yuwasemaje, hata wamkataza?" Nikamwambia namfundisha Kiswahili sanifu, asije akapata shida shuleni. Bibi akaendelea kuchambua mchele. Akasema hicho ni cha Unguja, hakuna ubaya, nacho ni kizuri.

Nilikwenda kusoma, maana hilo jibu lilinikaa kooni. Kumbe mwezi Juni 1928 wajumbe wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar walikutana kuamua Kiswahili kipi ndicho kitakachofundishwa shule zote. Kimvita, yaani Kiswahili cha Mombasa, kilikuwa na watetezi wake, hasa wamisionari waliokuwa wameshakiandikia vitabu. Kiunguja kikachaguliwa, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisanifisha. Mkutano wenyewe ulifanyika wapi? Mombasa. Kimvita kilifungwa mechi kikiwa nyumbani kwake. Na mimi, karibu miaka 100 baadaye, natoka Kigamboni na kuja kumkumbusha bibi matokeo mlangoni kwake.

Sikuacha kusahihisha siku hiyo. Nilipunguza. Mtoto mwenyewe ndiye aliyepanga mambo: kufikia siku yake ya kuzaliwa ya pili alikuwa ananiomba mimi "maji" na akishuka chini anaomba "mai", bila kukosea, kama mtu anayevua viatu mlangoni. Ila "njoo" ilikufa. Nikimwita "njoo" yuko mbali anacheza, haimfikii kabisa, inapita kichwani kwake kama sauti ya redio ya jirani. Bibi akisema "ndoo" kwa sauti ya kawaida tu, anaacha kila kitu. Mume wangu alianza kumwita hivyo muda si mrefu, tena bila haya. Mimi nilikataa. Nilisema mama lazima awe na neno lake. Nilikuwa nainuka, naenda kumkamata mkono, naleta.

Mama yangu kwenye simu alikuwa ananiuliza, "Huyo mtoto anaongea nini?" Nikawa natafsiri. Kiswahili kwa Kiswahili.

Jumapili baba akiwa hana zamu tunakwenda Mama Ngina, pale mibuyu ilipo, kwa sababu ni mahali pekee ninapojua ambapo meli kubwa kama mtaa inapita karibu na mtoto wako kiasi kwamba anaweza kuwapungia watu wake. Mlango wa bahari ni mwembamba pale na meli zote za Kilindini lazima zipite hapo. Tunanunua viazi karai na ukwaju, tunakaa kwenye ngazi. "Meli ya baba," anasema kwa kila moja. Baba yake haikanushi hata moja.

Bibi ana neno moja tu anapojua tunakwenda ng'ambo. "Pale feri usimwate mkono." Wata, kwao, ni acha. Analisema kila mara, hata kama tumeshalisikia asubuhi. Nilidhani ni wasiwasi wa uzee mpaka siku aliponisimulia Aprili 1994, siku kivuko cha Mtongwe kilipopinduka asubuhi watu wakienda kazini. Walikufa zaidi ya 250. Alisema watu walikuwa wanapita mitaani wanauliza majina. Hakusema zaidi, na mimi sikumuuliza alimpoteza nani.

Mwezi uliopita tulikwenda Likoni kumtembelea mama mmoja wa Tanga tuliyefahamiana kliniki. Kurudi ilikuwa saa kumi na moja jioni, saa mbaya, nilijua ni saa mbaya, lakini mtoto alikuwa amelala na nilimwonea huruma kumwamsha. Tulisubiri tumebanana. Geti likafunguliwa, na wale waliowahi kuvuka Likoni wanajua: watu hawaendi, wanamwagika. Mteremko unashuka moja kwa moja hadi majini na mikokoteni inashuka pamoja nanyi, wenyewe wanapiga mbinja ili mpishe. Nilikuwa nimemshika mkono wa kushoto. Mkoba begani, bakuli la biriani tulilopewa liko mkono wangu mwingine.

Champali yake ikachomoka. Nilihisi amejikwaa, nikainama, na kwa kuinama nikamwachia. Ni muda wa kuokota kiatu. Hata sikukiokota. Nilipoinua kichwa niliona magoti na mikoba na ndoo za samaki, na yeye hayupo.

Kisha nikamwona. Alikuwa mbele yangu hatua labda 15, kando, pale watu walipoachia nafasi, anakimbia ule mkimbio wao wa kuteremka ambao miguu inashindwa kuufuata mwili. Mbele yake zege linakwisha na maji yanapiga. Pantoni ilikuwa bado haijagusa vizuri, ule mdomo wake wa chuma unapanda na kushuka. Aliona meli. Najua aliona meli ya baba.

Nikafungua mdomo. Sikuchagua.

"Ndoo!"

Alisimama kama aliyevutwa kwa kamba. Mwanamke mwenye baibui aliyekuwa karibu naye naye akageuka, akamtia mkono kifuani.

"Ndoo hapa! Ndoo!"

Akaja. Anapanda mteremko dhidi ya watu wote wale, amenuna, mguu mmoja una champali na mwingine hauna, na watu wakawa wanampisha wenyewe. Nilimbeba. Biriani ilikuwa imemwagika, nusu kwenye sketi yangu, na mwenye mkokoteni nyuma yangu akawa ananiambia nisogee, mama, sogea, watu wapite.

Tulivuka tumesimama katikati, mbali na kingo zote mbili. Champali ya kushoto hatukuiona tena.